Mguu wa Kushoto

Jimu ya Mashala haina mlango.
Ina mwamba upande wa juu, turubai upande wa ziwa,
na vyuma alivyojitengenezea mwenyewe: saruji
ndani ya makopo ya rangi, bomba la maji katikati.
Kopo la kijani ni kilo kumi na mbili.
La bluu limeandikwa kumi na mbili pia,
lakini sote tunajua linadanganya.

Nilikwenda kwa sababu ya ngazi.
Igogo hatuna barabara ya kwenda juu, tuna mawe,
na maji ya bomba huishia kwa mama Limbu, chini,
kama mgeni mzito aliyekataa kupanda.
Mimi nakaa juu. Ndoo mbili, mawe tisini na manne,
na umri umeshaanza kunidai nauli.

Mashala akanionyesha chuma kilicholala ardhini.
"Nyanyua. Mgongo sawa. Visigino visibanduke.
Ndoo haikuulizi leo unaibeba kwa msuli gani.
Mwili ni ukoo, Nyanzobe. Msiba ukifika
hakuna anayebaki kitandani."
Nikalipenda neno hilo. Nikanyanyua.
Paja, kiuno, mgongo, viganja, hata meno,
vyote vikaitika.

Mbele ya kioo (mlango wa kabati, umepasuka pembeni)
alisimama Fikiri, muuza simu wa Makoroboi,
akikunja kiwiko, akikunjua, akikunja,
akiukodolea mkono wake macho
kama anayechunga maziwa jikoni.
Tukamcheka. Msuli mmoja!
Akishuka mwaloni, gunia la dagaa
atalibeba kwa huo peke yake?
Yeye akahesabu tu. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Mwezi wa tatu chuma kikaanza kuinama.
Kidogo, upana wa kidole, upande wa kushoto.
Mashala akahamisha makopo, bluu huku, kijani kule.
Kikainama vilevile.
Akanyamaza. Akaniuliza kazi yangu.

Cherehani, nikasema. Miaka kumi na tisa.
Ile ya miguu?
Ile ya miguu.
Unakanyaga kwa upi?

Hapo nikainua pindo
nikaona nilichokifunika kwa sketi miaka yote:
kigimbi cha kulia kimejaa kama samaki mwenye mayai,
cha kushoto kimenywea.
Sare za shule zisizo idadi, mapazia ya gesti,
suti ya harusi ya mtu aliyekwisha kuachika,
vyote vilipita juu ya mguu mmoja,
na mwenzake akakaa kando, akisikiliza.

Ukoo, alisema Mashala. Naam, ukoo.
Nami misiba ya kwetu naijua.
Yupo shangazi anayepika usiku kucha,
na yupo mjomba anayegusa mpini wa sufuria
inapovuka kizingiti.
Sufuria inafika. Watu wanashiba.
Nani hakubeba, haulizi mtu.

Basi sasa nasimama kwa mguu mmoja,
kiganja mwambani,
nikipanda na kushuka juu ya vidole vya kushoto.
Hakuna chuma. Hakuna kopo, hata lile la uongo.
Nikifika tisa unatetemeka
kama bati la jirani upepo wa ziwa ukiingia,
na safari hii hakuna ndugu wa kuusitiri.
Fikiri amenisogezea nafasi mbele ya kioo.
Hakusema kitu. Nami sikusema.

Nimemuuliza Mashala, chuma nitakirudia lini?
Akacheka: "Nani kakwambia umekiacha?
Hizo ndoo zako unazipandishaje?"

Jioni, kwenye jiwe la arobaini,
nimeutanguliza wa kushoto.
Maji yamenimwagikia hadi kiunoni.

Na leo asubuhi, dukani, mlango nusu wazi,
nimeuweka juu ya pedali, peke yake.
Kola ya mwalimu Bugumba imetoka kombo.
Nitaifumua. Anaijia Ijumaa.